Je, Kinshasa ni Mbali?

Swali hili huulizwa mara nyingi hapa kwetu Kikula, hasa na watoto wa shule, nao hujibiwa upesi. Toka Lubumbashi hadi Kinshasa, ukipima kwa mstari ulionyoka kutoka uwanja wa ndege wa Luano hadi ule wa N'djili, ni kilometa 1,550 hivi. Ndege kubwa ya siku hizi, ikiwa juu angani, hukata karibu kilometa 800 kwa saa. Ongeza dakika za kupanda na za kushuka, nayo huimaliza njia hiyo kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Jibu hili ni sahihi, na mwalimu anayelitoa hastahili lawama. Lakini mimi ninao ndugu Kinshasa, na kwa miaka mingi nimelichunguza jibu hilo kama mtu achunguzaye noti aliyopewa sokoni. Si ya bandia, ila hainunui kila kitu.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Kutoka Roma hadi London ni kilometa 1,430 hivi, na katikati zimo nchi nyingine zenye marais wao. Sisi tukitoka mji mmoja wa nchi yetu kwenda mji mkuu wa nchi yetu hiyohiyo twapita umbali ulio mkubwa kuliko huo. Tena Dar es Salaam, ulioko kwenye bahari ya mawio, uko kilometa 1,400 tu kutoka Lubumbashi. Basi mtu wa Katanga yu karibu zaidi na bahari ya Waswahili kuliko na mji mkuu wake mwenyewe. Si ajabu kwamba sisi twasema Kiswahili na ndugu zetu wa Kinshasa wasema Kilingala, na watoto wa dada yangu wakija likizo hucheka namna tunavyoongea.

Jambo la pili ni saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja kamili. Kwa hiyo ndege iondokayo Luano saa nne asubuhi hufika N'djili saa tano na nusu kwa saa ya huko, na wasafiri wasiojua husifu mbio zake. Lakini ile iondokayo N'djili saa nne asubuhi huwashusha Luano saa saba na nusu, nao hunung'unika kwamba rubani amezembea. Nimesikia ubishi huo kwa masikio yangu, na wazee wawili wenye heshima zao nusura wanuniane. Sababu yake ni nyepesi. Dunia yajizungusha mara moja kwa siku, na kila digrii moja ya mzunguko huo huchukua dakika nne. Likasi iko digrii 11 na zaidi upande wa mawio kuliko Kinshasa. Hivyo jua hutufikia sisi dakika 45 hivi kabla ya wao. Serikali imezifanya dakika hizo kuwa saa nzima, ili hesabu isiwe ya taabu. Kengele ya Malaika wa Bwana ikilia Kikula saa kumi na mbili asubuhi, Kinshasa ni saa kumi na moja, nao wangali wamelala. Sisi nyumbani tumekubaliana na dada yangu juu ya rozari ya Jumamosi: huku saa mbili usiku, kule saa moja. Hapo ndipo tunapokuwa pamoja bila tike.

Zamani hakuna aliyethubutu kuuliza habari za saa. Watu walihesabu majuma na miezi. Reli iliyotoka kusini, upande wa Rhodesia, ilifika Elisabethville mwaka 1910, na kwa muda mrefu mlango wa Katanga ulielekea huko kusini, si Leopoldville. Reli ikasogezwa kaskazini, ikafika Bukama mwaka 1918, na hatimaye mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kwenye mto Kasai. Hapo abiria alishuka garini akaingia merikebuni, akateremka mtoni kama kilometa 800 hata kufika Leopoldville. Ndiyo njia aliyoifahamu marehemu baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli hapa wakati mji wetu ulipoitwa Jadotville. Alizoea kutuambia kwamba mtu aliyesafiri kwa njia ile alifika akiwa amekwisha kuwajua wenzake wote wa behewani, majina yao, maradhi yao na madeni yao.

Kwa hewa nako kulianza kwa taabu. Mwaka 1925 rubani Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels tarehe 12 Februari akafika Leopoldville tarehe 3 Aprili: siku 51! Mwenye kuchekelea na akumbuke kwamba watu wa zamani hizo waliona ni muujiza. Baadaye zikaja ndege za injini mbili, zilizokwenda chini ya kilometa 300 kwa saa, na safari ya Elisabethville hadi Leopoldville ikawa kazi ya mchana mzima pamoja na kutua njiani. Kisha zikaja za jeti, tukapewa hiyo saa mbili na nusu. Barabara ya magari ni habari nyingine. Barabara ya Taifa namba 1, ipitayo hapa Likasi, ndiyo hiyohiyo iendayo Kolwezi, na Mbuji-Mayi, na Kananga, na Kikwit, hata Kinshasa, zaidi ya kilometa 2,000. Imeandikwa vizuri katika ramani.

Sasa niseme jinsi dada yangu alivyofika huko, kwa maana hakwenda kwa ndege.

Dada yangu mkubwa aliolewa na kijana wa Kikula. Nasema wa Kikula, kwa kuwa alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akasoma hapa, akapata kazi ya ufundi hapa. Ila baba yake alitoka Kasai, akaja kufanya kazi ya shaba kama walivyokuja maelfu ya wengine, wakati makampuni yalipotafuta watu wa kazi mbali na hapa. Mwezi wa Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu. Habari ilitufikia kwa redio siku ileile. Kinshasa haikuwa mbali siku hiyo. Katika mkoa wetu, ulioitwa Shaba wakati ule, maneno mabaya yalikuwa yakisemwa hadharani tangu kitambo, na sasa yaligeuka kuwa mawe na moto. Hapa Likasi, mwezi huo na mwezi uliofuata, watu wenye asili ya Kasai walitolewa majumbani mwao. Maelfu kwa maelfu walikusanyika kituoni na mashuleni, wakingoja gari-moshi la kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawajapata kuiona.

Shemeji yangu, dada yangu na watoto wao wanne walikaa kituoni siku arobaini na moja. Walilala juu ya sakafu, kisha mvua zilipoanza walilala chini ya turubai. Masista, wanaparokia na madaktari wa misaada walijitahidi usiku na mchana, lakini maji yalikuwa machache na watu wengi, na maradhi ya kuhara yaliwaua wengi, hasa watoto. Mama yetu alitoka Kikula kila siku akiwa amebeba sufuria ya bukari na sombe kichwani, akaenda kituoni kwa miguu. Ni mwendo usiofika saa moja. Alirudi na sufuria tupu, akakaa mlangoni bila kusema. Baba yetu, aliyeipenda reli kuliko kitu kingine, hakuja kituoni hata mara moja. Alisema hawezi kutazama behewa za mizigo zikipakiwa watu.

Siku ya arobaini na mbili walipata nafasi. Safari ya kufika Mwene-Ditu iliwachukua siku sita. Huko walikaa miaka kadhaa kwa taabu, kisha wakapanda malori, lori baada ya lori, hata wakaishia Kinshasa, ambako shemeji alipata tena kazi ya ufundi. Nyumba yao ya Kikula iliingiwa na watu wengine. Wamo hadi leo, nao husali nasi katika kanisa moja.

Hivyo msomaji ataelewa kwa nini mtoto aniambiapo, "Kinshasa ni saa mbili na nusu," mimi husita kidogo kabla ya kuitikia.

Mwezi wa Novemba 2017 mama yetu alifariki, akiwa amepakwa mafuta matakatifu na akili yake timamu. Jamaa tulikusanyika. Kwa desturi ya upande wa mama, mjomba wetu, ndugu yake marehemu, ndiye mwenye neno la mwisho juu ya maziko. Akauliza kama tumzike kesho au tumngoje binti yake. Mpwa wangu mmoja, kijana mwenye simu ya kisasa, akajibu kwa haraka:

"Mjomba, kutoka Kinshasa ni kilometa 1,550. Ndege hutumia saa mbili na nusu tu."

"Basi atakuwa hapa kabla ya giza," akasema mjomba. "Tumngoje."

Mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, aliyeshika daftari la michango, hakuinua hata uso. Akauliza, "Na tike ni fulanga ngapi?"

Kijana akatafuta tena katika simu yake, akataja bei. Kukawa kimya. Bei hiyo ilizidi jeneza pamoja na chakula cha matanga cha siku tatu. Tena siku ile hakukuwa na ndege yenye nafasi. Nafasi ilikuwa kesho kutwa. Basi hesabu ikabadilika mbele ya macho yetu: si saa mbili na nusu tena, bali siku tatu katika nyumba ya maiti, ambazo kila moja ina bei yake, na siku tatu za kuwalisha waombolezaji. Wengine wakasema, kwa haki kabisa, kwamba marehemu asingependa watu waliotoka mbali walale njaa kwa ajili yake. Mjomba aliwasikiliza wote. Mwisho akasema, "Mwanamke huyu alibeba sufuria siku arobaini na moja kwa ajili ya binti yake. Mimi nitamngojea huyo binti siku tatu." Hakuna aliyebisha. Jumuiya ikachanga, na fedha zikatumwa kwa simu usiku uleule.

Dada yangu alitoka nyumbani kwake saa tisa za usiku, kwa kuwa mji wa Kinshasa ni mpana na njia ya N'djili husongamana. Ndege iliyotazamiwa kuruka asubuhi iliruka baada ya adhuhuri; abiria hawakuelezwa sababu. Hewani ilikaa muda wa saa mbili na nusu kama ilivyoahidiwa, na hapo nampongeza rubani. Alitua Luano karibu saa kumi alasiri. Zikabaki kilometa 120 za kufika Likasi, na hizo ndizo zilizotuonyesha mambo. Mvua ilikuwa ikinyesha. Barabara ilijaa malori ya madini na ya shaba yakienda mpakani, na moja lilikuwa limelala ubavu likiziba njia. Alifika Kikula saa nne usiku. Nilipiga hesabu baadaye, nikikumbuka tofauti ya saa: tangu mlango wake hata mlango wetu ni muda wa saa kumi na nane. Ndege yenyewe ilikuwa sehemu moja tu kati ya saba za safari hiyo.

Aliingia akilia, wanawake wakampokea kwa kilio, tukaacha machozi yafanye kazi yake. Kulipotulia mjomba akatazama mlangoni kana kwamba ana mtu mwingine anayemngoja.

"Mwanangu, mkwe wetu yuko wapi? Je, tike yake haikulipwa?"

"Mjomba, fedha zilikuwako," akajibu dada yangu. "Wakristo wenzetu wa huko nao walichanga, zikatosha tike mbili. Ni yeye aliyeirudisha ya kwake."

"Kwa nini?"

Dada yangu alikaa kidogo kabla ya kujibu. "Alisema hivi: 'Nilitolewa Likasi kwa siku arobaini na moja za kituoni, na siku sita za gari, na miaka ya malori. Sasa mwataka nirudi kwa saa mbili na nusu. Ni kidogo mno. Mwili utafika, lakini moyo utakuwa ungali njiani.' Akaniagiza niwasalimu ninyi nyote, na mama nimwagie udongo mara mbili, mara moja kwa ajili yake."

Akafanya hivyo kesho yake makaburini, na padre aliyeongoza maziko akamngojea.

Siku ya tatu ya matanga ilitokea jambo ambalo wengi hawakuliangalia. Mama wa ile nyumba, yaani nyumba iliyokuwa ya dada yangu, alikuja na ndoo ya maji kichwani, kama jirani yeyote afanyavyo penye msiba. Akaitua, akakaa mkekani karibu na dada yangu. Yeye mwenyewe alikuwa msichana mdogo mwaka 1992. Waliomleta katika nyumba ile ni wazazi wake, nao wamekwisha kufa. Walikaa muda mrefu bila neno. Kisha yule mama akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, ule mwembe wa uani, ni ninyi mlioupanda?" Dada yangu akasema ni mumewe, mwaka aliozaliwa mtoto wao wa kwanza. Yule mama akainuka, akaenda, akarudi na maembe sita katika kitambaa, ya mwanzo wa msimu. Dada yangu aliyachukua katika mfuko wake wa mkononi hata Kinshasa. Safari ile maembe yalikwenda kwa saa mbili na nusu, tena yakafika yakiwa mazima.

Shemeji, nimeambiwa, aliyaweka mezani siku mbili bila kuyagusa. Ya tatu aliomba kisu.

Miaka imepita tangu hapo. Mwaka jana, jioni moja baada ya rozari, simu ililia, na sauti haikuwa ya dada yangu.

"Shemeji," akasema, "ndege zifikazo Luano asubuhi, zingaliko?"

Nikamjibu kwamba zina siku zake, na kwamba lazima kuulizia.

"Na barabara?"

"Ikiwa kiangazi, nawe umeshuka kabla ya saa sita, utakuwa Kikula jua lingali juu."

Akanyamaza hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Usiku sitaki kufika. Nataka kuuona mji kwa mwanga."

Nikamwambia tutatafuta siku ya namna hiyo.

Mjomba sasa amepita miaka themanini, na masikio yake ni mazito, lakini kila Jumapili baada ya Misa hunishika mkono mlangoni mwa kanisa aulize kama tike imepatikana. Mpaka leo tumefikia nusu ya bei na zaidi kidogo. Jumuiya ingali inachanga. Mama wa nyumba ya mwembe naye ametoa fulanga zake, ila aliomba jina lake lisiandikwe katika daftari.